Njia ya mvua imesogea: maneno kwa Waswahili wa Cape Town

Haya ndiyo niliyoyasema ukumbini Maitland Jumamosi jioni, mwezi huu wa Juni. Waliokuwa kazini, na waliozuiwa na mvua yenyewe, wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Assalaam alaikum. Bwana asifiwe. Ndugu zangu wa Kongo, jambo yenu. Wazee wangu, shikamooni.

Kabla sijasema neno, naomba tunyamaze kidogo tusikilize bati.

Mnasikia? Hiyo ndiyo iliyonisimamisha mbele yenu. Wengine mmeingia humu mmelowa, mnaisema vibaya. Msiiseme vibaya. Mji huu wote, kuanzia bomba la jikoni kwako mpaka zabibu za Paarl, unaishi kwa sauti hiyo ya bati katika miezi minne ya mwaka. Ikikosekana miezi hiyo, hakuna masika mengine nyuma yake ya kutuokoa.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Mji huu nimeingia mwaka 2007, na kazi yangu ni kupima maji ya mito. Unavaa buti za mpira zinazofika kiunoni, unasimama katikati ya mto na fimbo ya vipimo, unaandika kina na kasi ya maji, kisha unakwenda mto mwingine. Nimefanya hivyo miaka mingi, na niliyoyaona ndiyo nataka tuyazungumze leo kwa lugha yetu. Mikutano ya maji katika mji huu ni mingi, lakini hakuna hata mmoja niliousikia ukifanywa kwa Kiswahili, na maji tunakunywa wote.

Nianze na mama yangu. Mwezi wangu wa kwanza wa Juni hapa nilimpigia simu. Nikamwambia, mama, leo siku ya nne mvua haijakatika, na baridi inaingia kwenye mifupa. Mama akanyamaza, halafu akaniuliza: "Mvua gani hiyo ya kipupwe? Kipupwe si cha kuanika?"

Mama alisema kweli. Kwetu pwani, masika yakishapita na upepo wa kusi ukishashika, kinachobaki ni manyunyu ya mchoo. Yanapita alfajiri, jua linatoka, watu wanaanika mbata zao. Mvua kubwa na baridi kwetu hazikai nyumba moja. Hapa zinakaa nyumba moja. Hapa joto la Desemba na Januari ni kavu, linakuja na ule upepo mkali wa kusini-mashariki ambao wenyeji wanauita Daktari wa Cape, na mvua inasubiri mpaka kipupwe. Wengi wetu tumeishi hapa miaka kumi, kumi na tano, bila kujiuliza kwa nini. Je, kwa nini?

Tazameni kusini. Ukitoka hapa ukaelekea kusini, hukuti nchi nyingine mpaka barafu ya Antaktika. Katika bahari hiyo kuna upepo wa magharibi unaoizunguka dunia bila kugonga mlima wala mji. Ndani ya upepo huo, hewa baridi ya kusini hukutana na hewa ya vuguvugu ya kaskazini. Hewa baridi ni nzito, huingia chini ya ile ya vuguvugu kama kabari na kuinyanyua. Nayo ikipanda hupoa, hufanya mawingu, huangusha mvua. Ndiyo ile mikanda mirefu ya mawingu inayoingia kutoka Atlantiki: leo upepo wa kaskazini-magharibi na mvua, kesho baridi kali na theluji kwenye vilele vya milima ya Ceres.

Wakati wa kiangazi mikanda hiyo hupita mbali kusini, haitugusi. Kipupwe kikifika, njia yake yote husogea upande wetu, na ncha yake inapangusa kona hii ya Afrika. Nasema ncha. Mwili wa dhoruba unabaki baharini. Liwekeni neno hilo moyoni, kwa sababu mengine yote niliyo nayo leo yanatoka hapo: sisi tunanyweshwa na ncha.

Bartolomeu Dias alipoizunguka rasi hii mwaka 1488, dhoruba hizi zilimsukuma mpaka mbali baharini, na jina tunaloambiwa aliipa rasi ni Rasi ya Dhoruba. Likabadilishwa likawa la Tumaini Jema. Miaka tisa baadaye akapita Vasco da Gama, na mwezi wa Aprili 1498 akawa yuko Mombasa na Malindi, kwetu. Mabaharia wetu wakati huo walikuwa wameshaishi karne nyingi kwa kuujua upepo: kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha. Walijua kwamba upepo una njia na una ratiba. Ninachokuja kuwaambia ni kwamba njia ya upepo wa huku inasogea.

Sasa turudi mwaka 2014. Nani alikuwa hapa mwaka 2014? Inueni mikono. Asanteni. Mwaka ule mabwawa yalijaa, na watu waliosha magari kwa mipira ya maji. Mji huu unategemea zaidi mabwawa makubwa sita, na moja peke yake, Theewaterskloof, upande wa pili wa milima karibu na Villiersdorp, linabeba zaidi ya nusu ya maji yote: mita za ujazo milioni 480. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Kipupwe cha 2015 kikaja na mvua kidogo. Tukasema, mwakani. Kipupwe cha 2016 kikaja na mvua kidogo. Tukasema, mwakani. Kipupwe cha 2017 kikawa kibaya kuliko vyote viwili. Pale uwanja wa ndege, mahali ambapo mwaka wa kawaida hupata karibu milimita 500, mwaka mzima wa 2017 haukufikisha hata 200. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwaka ule mawingu yalikuja. Nilikuwa nayatazama nikiwa mtoni: yanaingia kutoka baharini, meusi, mazito, upepo unavuma, watu wanafunga madirisha. Halafu yanadondosha matone na kupita. Ncha ilikuwa inatugusa, lakini haikutunywesha.

Mwanzoni mwa 2018 nilikwenda Theewaterskloof. Lilikuwa limebaki na maji kama asilimia kumi na kidogo. Nilitembea kwa miguu pale ambapo zamani tulipita kwa boti. Mchanga ulikuwa unaruka kama wa jangwani, na katikati yake vilisimama visiki vyeusi vya miti iliyozamishwa bwawa lilipojengwa. Nilikaa kwenye kisiki kimoja nikashindwa kuandika. Kazi yangu ni kupima maji, na siku ile hapakuwa na maji ya kupima.

Mnakumbuka lile jina, Siku ya Sifuri? Siku ambayo mabwawa yangefika asilimia 13.5, mabomba ya nyumba nyingi yafungwe, na kila mtu apange foleni kwenye vituo kama mia mbili achukue lita 25 kwa siku. Mji wa watu wapatao milioni nne. Tarehe ikatajwa: Aprili. Kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mtu akaambiwa atumie lita 50 tu kwa siku: kunywa, kupika, kuoga, kufua, choo, vyote humo.

Hapa nataka kuwasimulia jambo ambalo sijawahi kuliona limeandikwa. Kuna mama wa Goma yuko humu ukumbini; hakunipa ruhusa ya kutaja jina lake, basi sitalitaja. Wakati ule alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa bibi mmoja mzee upande wa Claremont. Bibi yule alikuwa analia. Alikuwa ameoga chini ya bomba la mvua maisha yake yote na hakujua lita tano ni nini. Mama wa Goma akachemsha maji kidogo, akachanganya na ya baridi kwenye ndoo, akachukua kikombe cha plastiki, akamwonyesha: kikombe kimoja cha kulowesha, paka sabuni, vikombe vitano vya kusuuza, maji yaliyodondoka kwenye beseni ni ya choo. Bibi akaoga. Akatoka akasema hajawahi kujisikia msafi namna ile.

Mama wa Goma alijifunza wapi? Wa Goma mnajua. Ziwa Kivu liko pale, unaliona, na bado watoto wanasukuma mabidoni kutwa. Sisi wa Pangani tunasema madumu, Wakenya mnasema mitungi, lakini mgongo unaouma ni mmoja. Mimi mwenyewe, foleni ya chemchemi ya Newlands usiku wa manane, nilipowaona watu wa mji huu wamesimama na vyombo mkononi, nilihisi niko nyumbani na nilihisi huzuni kwa wakati mmoja. Tulikuja hapa na elimu ambayo hakuna aliyetuuliza kama tunayo.

Na mji ulijifunza. Nasema kwa heshima kubwa. Mji uliokuwa ukitumia karibu lita milioni 1,200 kwa siku mwaka 2015 ulishuka ukafika kama milioni 500. Ni zaidi ya nusu! Si serikali peke yake, si matajiri peke yao. Ni mamilioni ya watu waliokuwa wakitega beseni chini ya miguu yao.

Pia kuna wakulima. Mwezi wa Februari 2018, wakulima wa matofaa wa Elgin na Grabouw, kupitia umoja wao wa watumiaji wa maji wa Groenland, walifungulia maji ya bwawa lao yaende kwenye bwawa la Steenbras, la mji. Lita bilioni kumi. Walikuwa wameyahifadhi kwa ajili ya miti yao. Mnajua mkulima kutoa maji katika mwaka wa ukame ni nini? Nilikulia katika nyumba ya wakulima. Baba yangu angetoa ng'ombe kabla hajatoa maji. Wale walitoa maji.

Siku ya Sifuri ikasogezwa, ikasogezwa tena, halafu mvua za Juni 2018 zikaja na haikufika kamwe. Watu wakashangilia. Nami nilishangilia. Lakini nilikuwa na swali ambalo bado ninalo: kilichotuletea miaka ile mitatu, kimeondoka?

Ndugu zangu, naomba sasa mnivumilie, maana hapa ndipo penye uzito. Kumbukumbu ya binadamu kuhusu mvua haiaminiki. Mvua mbili kubwa zikinyesha wiki hii, utaapa kwamba mvua za siku hizi ni nyingi. Ukavu wa miezi miwili, utaapa dunia imekwisha. Kwa hiyo kuna watu wanaoandika. Hapa hapa karibu yetu, ng'ambo ya Black River, mtaa wa Observatory, pana kituo cha kutazama nyota kilichoanzishwa mwaka 1820, na tangu miaka ya 1840 watu wa pale wamekuwa wakipima na mvua. Asubuhi baada ya asubuhi. Vita vikaja vikaenda, watawala wakabadilika, mtu akaamka akasoma kipimo akaandika namba.

Ukizisoma namba zile, mimi nimezisoma, hukuti mstari mmoja unaoshuka kama ngazi. Kuna miongo ya neema na miongo ya dhiki, inapanda na kushuka. Nasema hivyo wazi kwa sababu kuna wanaosema mambo kwa kukuza, na ukikuza utakamatwa, na ukikamatwa hakuna atakayekusikiliza hata kwa la kweli. Lakini katika maeneo ya milima yanayojaza mabwawa yetu, miaka mitatu mfululizo mikavu kama 2015 hadi 2017 haikuonekana katika kumbukumbu za karibu karne nzima. Wanasayansi wakauliza: je, joto ambalo binadamu ameliongeza duniani limechangia? Hesabu ya kwanza, mwaka 2018, ilisema ukame kama ule umefanywa uwe rahisi kutokea mara tatu zaidi. Kama lilikuwa jambo la kuonekana mara moja katika miaka mia tatu, sasa ni mara moja katika miaka mia. Hesabu nyingine ya mwaka 2020 ikasema mara tano mpaka sita.

Joto linahusikaje na mvua yetu? Rudini kwenye ile ncha. Kaskazini yetu kuna eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa, ambako hewa inashuka kutoka juu na kuzuia mawingu yasikue. Kalahari na Namib ni watoto wa hewa hiyo inayoshuka. Dunia ikipata joto, eneo hilo hutanuka na kuisukuma njia ya dhoruba kuelekea Antaktika. Kwa nchi iliyo katikati ya njia, kusogea kidogo si neno. Kwa wanaonyweshwa na ncha, kusogea kidogo ndiyo habari yote. Na mwanzo wa msimu ndio unaoumia zaidi: mvua za Aprili na Mei zinachelewa au hazitoshi, kipupwe kinaanza na ardhi kavu.

Kama mnataka kuona mbele yetu kuna nini, vukeni Bahari ya Hindi mwende Perth, Australia. Perth iko kwenye pwani inayotazama magharibi kama sisi, karibu latitudo ile ile, inanyeshewa na mikanda ile ile, kipupwe kile kile. Miaka ya 1970 mvua za Mei mpaka Julai zikapungua. Watu wa Perth wakasema, mwakani. Miaka ya 1980 ikapita. Miaka ya 1990 ikapita. Watoto waliozaliwa ukame ulipoanza wakawa wazazi. Leo zaidi ya nusu karne imepita, mvua za miezi hiyo ziko chini kwa karibu asilimia 20, na hazijarudi. Kwa Perth neno ukame limepoteza maana, kwa sababu ukame ni kitu chenye mwisho.

Asilimia 20, mtu atasema, si nyingi. Katika mshahara wako asilimia 20 ni nyingi, lakini utaishi. Sasa sikilizeni mtu anayesimama mtoni. Mabwawa ya Perth, kabla ya katikati ya miaka ya 1970, yalikuwa yakipokea kutoka mitoni wastani wa zaidi ya lita bilioni 300 kwa mwaka. Tangu mwaka 2001 wastani haufiki bilioni 100, na mwaka 2010 yalipokea kama 13 tu. Mvua imepungua kwa moja ya tano, mto umepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Imekuwaje?

Imekuwa hivi. Mvua ikinyesha, wa kwanza kunywa si mto. Wa kwanza ni udongo. Wa pili ni mizizi ya miti. Wa tatu ni maji yaliyo chini, ambayo kina chake kimeshuka na yanataka kupanda tena. Mto hupewa kilichobaki baada ya hao wote kushiba. Ni kama sahani ya wali katika nyumba yenye watoto tisa: ukipunguza vikombe viwili vya mchele jikoni, anayelala njaa ni aliyefika mwisho mezani. Mto hufika mwisho mezani. Na sisi tunakunywa kutoka kwa mto.

Kuna jambo moja la Perth ambalo kila nikilifikiria nywele zinanisimama. Kusini ya Australia, kwenye barafu ya Antaktika, kuna mahali panaitwa Law Dome. Theluji ya kila mwaka inalala juu ya theluji ya mwaka uliopita, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa. Wanasayansi walitoboa wakasoma kurasa za miaka 750. Wakakuta kwamba tangu miaka ya 1970 theluji pale imeongezeka kuliko kawaida, wakati ule ule mvua za Perth zilipopungua. Upepo ule ule unaowanyima hawa unawapelekea wale. Katika kurasa 750 hawakuona jambo lililo sawa nalo. Mvua ya Perth haikupotea, ndugu zangu. Ilibadilisha njia.

Perth ilifanya nini? Mwaka 2006 walifungua Kwinana mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, mwaka 2011 wakafungua mwingine Binningup, na sasa karibu nusu ya maji ya mji yanatoka baharini. Wanasafisha hata maji machafu na kuyarudisha chini ya ardhi. Kumwagilia bustani kwa mabomba ya kunyunyizia wakati wa kipupwe kumekatazwa kisheria. Chile nako, Santiago, mvua za kipupwe zimekuwa pungufu karibu kila mwaka tangu 2010. Morocco, upande wa pili wa ikweta, mambo ni yale yale. Kote huko ni pwani za magharibi, karibu na latitudo ya 33, zinazonyweshwa na ncha.

Nawaona vijana nyuma mnataka kuniuliza. Na mafuriko je? Mwezi wa Julai 2024 dhoruba zilifuatana moja baada ya nyingine, Khayelitsha na Philippi watu walilala ndani ya maji, mabwawa yakafurika. Septemba 2023 barabara zilikatika. Sasa wewe mama unatuambia mvua imepungua?

Swali zuri. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo ncha ikitufikia vizuri, inaweza kutumwagia kwa nguvu kuliko zamani. Kuna mwaka itatufikia vizuri, kuna miaka mitatu haitatufikia. Wanaojenga kwenye mchanga wa Cape Flats watazama mwaka mmoja na kupanga foleni ya maji mwaka mwingine, watu wale wale, nyumba ile ile. Nilikwenda Philippi Julai ile kumsaidia binamu yangu kutoa godoro. Maji hayakuwa yameingia kwa mlango. Yalikuwa yametoka chini, sakafuni, kwa sababu maji ya ardhi pale yako karibu sana na juu. Mwaka 2018 binamu huyo huyo alikuwa akibeba ndoo.

Mabwawa yakijaa watu husahau. Nimeona mwenyewe: mabeseni yamerudi uvunguni. Na mji umekua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 4.8. Serikali ya mji imepanga kuongeza lita milioni 300 kwa siku ifikapo 2030, kutoka visima virefu, bahari na maji yanayosafishwa upya. Ni mpango ninaouunga mkono, ingawa ni wa gharama.

Kuna kazi nyingine isiyo ya mitambo, na baadhi ya vijana wetu wameifanya kwa mikono yao. Kwenye milima ya juu ya mabwawa imeenea misonobari, mikalitusi na miakasia ya kigeni, ambayo mimea ya asili ya hapa haiwezi kushindana nayo. Inakunywa kabla ya mto. Makadirio ni kwamba inatunyima lita bilioni 55 kwa mwaka, matumizi ya mji ya kama miezi miwili. Kijana mmoja wa Kigoma aliyekuwa kwenye timu ya kuikata, wakishuka kwa kamba kwenye magenge, aliniambia kwamba miezi michache baada ya kusafisha korongo moja, kijito kilichokuwa kimekauka kilianza kutiririka wakati wa kiangazi. Alikunywa kwa viganja. Nilikwenda kupima kijito kile. Kilikuwa kweli.

Kabla ya kumaliza niwaombe jambo. Msichukue habari hii ya Cape Town mkaipeleka nyumbani kama ilivyo. Masika na vuli vya pwani yetu haviletwi na mikanda hii. Vina mabwana wengine, na mkubwa wao kwa vuli ni joto la Bahari ya Hindi: upande wa magharibi wa bahari ukipata joto kuliko wa mashariki, tunapata vuli kama ile ya 2019, ya mafuriko. Mtu akikwambia Afrika yote inakauka, au Afrika yote inafurika, muulize: mvua ipi? Ya mwezi gani? Inaletwa na upepo gani?

Na muulize swali la mwisho: nani alipima?

Kwa hiyo nimekuja na kitu. Kiko kwenye mfuko huu. Ni kipima mvua, cha kawaida, cha plastiki, chenye alama za milimita. Milimita moja maana yake ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Bati la ukumbi huu nimelipima, ni mita za mraba kama 200. Milimita kumi zikinyesha, ni lita elfu mbili zinazomwagika mtaroni, na wazee wameshakubali tununue simtanki mbili. Kipima kitafungwa kwenye nguzo ya uani, mbali na ukuta na mti. Mzee wetu wa Bujumbura anayefungua ukumbi kila siku amekubali kukisoma saa mbili kamili asubuhi, na siku akiumwa binti yake atasoma. Daftari litakaa mezani, hapa mlangoni. Hata siku isiyo na mvua ataandika sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni habari.

Leo asubuhi nilikijaribu nyumbani kwangu. Kilikuwa na milimita 14. Hiyo nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza, na chini yake nimeacha nafasi ya kesho.

Asanteni sana. Chai iko tayari, na mvua bado inanyesha.